Kucha Mlangoni kwa Mfalme

Jumatatu, 3 Februari
Mfalme hajapanda ngazi zangu tangu Krismasi. Anasema goti linamuuma. Goti hilohilo linampeleka mawindoni kila siku, na jioni linamfikisha kwa Madamu de Vaucresson, msichana mbichi mwenye meno yote! Kimada rasmi wa kasri la Versailles ni mimi. Vyumba hivi juu ya vyake ni vyangu. Nikivipoteza, narudi Auvergne kwa mume wangu, bata bukini wake na supu yake ya kabichi. Afadhali nife.

Jumanne, 4 Februari
Nimepata akili. Kiumbe anayependwa na Mfalme kuliko wote ni Mirza, mbwa wake. Mirza akihamia kwangu, bwana wake atamfuata. Nimemtuma kijakazi wangu Toinette alete maini ya kuku. Akauliza kama ni yangu au ya mgeni. Nikamwambia ni ya siasa.

Alhamisi, 6 Februari
Mirza kaja. Mfalme hajaja. Mbwa kamaliza maini, katapika kwenye zulia, kalala kitandani kwangu. Tumbo limemjaa kweli. Maini yanamkubali.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeshuka mwenyewe. Gauni la bluu, mashavu mekundu. Hapa mlango haugongwi. Unakwaruzwa kwa ukucha wa kidole cha mwisho, na wangu nimeufuga mwaka mzima. Nikakwaruza kwa mahaba. Nikakwaruza tena. Mfalme akafoka kutoka ndani: “Mirza, toka hapo! Si umeshakula wewe?”

Vaucresson akaangua kicheko humo humo ndani. Niseme ni mimi, mbele ya walinzi wawili? Nikajiondokea. Mbwa mwenyewe angalau angebweka.

Jumapili, 9 Februari
Baada ya misa, mlango wangu ukakwaruzwa! Nikajitupa kitandani, nikalegeza utepe, nikaita kwa sauti ya asali, mpenzi wangu aingie. Toinette akafungua. Mirza. Akapanda, akajikunja juu ya gauni la bluu, akaanza kuzaa.

Habari zikafika chini. Mfalme akapanda mbio, goti limepona ghafla! Akapiga magoti kando ya kitanda changu, machozi yakimlenga. “Pole, kipenzi changu,” akasema. Nikamjibu ahsante. Kumbe hakuwa akisema na mimi.

Vaucresson naye alikuwa mlangoni. “Hongera, dada,” akasema. “Watoto wamechukua pua yako.”

Jumatatu, 10 Februari
Imetoka amri: Mirza asisumbuliwe. Vyumba ni vyake mpaka watoto wakue. Mimi, gari la Auvergne kesho asubuhi. Nimelia sana. Yule mzee nampenda, na goti lake bovu.

Toinette, akikunja soksi zangu, kanambia nisilie, maana Mfalme hana hata haya: jana kamwacha balozi amesimama ili paka wake mweupe asiamke kitini.

Paka!

Nimemwambia aache masanduku upesi, akanitafutie samaki.