Mikono Sita ya Mzee Mbonile

Jumanne, 3 Juni
Kesho nakwenda Nanyala kumpiga picha Mzee Mbonile, baba yake Erica, kwenye sebule yake mpya. Ikimpendeza, nitatuma washenga. Isipompendeza, Erica nimemkosa! Tatizo ni dirisha. Ndani giza, nje jua kali, na mzee anataka mibuni yake ionekane. Osward wa studio iliyo mkabala na yangu hapa Tunduma alijaribu, mibuni ikatoka nyeupe pee. Mimi nina dawa. Napiga picha tatu: ya giza, ya kati, ya mwanga. Kompyuta inaziunganisha. Sharti moja tu: mtu asitikisike.

Jumatano, 4 Juni
Nimerudi mzima. Nilimwomba mzee atulie kama gogo, akatulia. Nami nikaonyesha adabu. Kabla ya kila picha nilichuchumaa, nikampigia makofi ya salamu, desturi ya huku, kama mkwe aliyelelewa. Mzee akaitikia kwa makofi kila mara, maana mtu mzima haachi salamu ianguke chini. Mikono ikiwa bado hewani, nikabonyeza. Sikutaka kumchosha. Erica alinikodolea macho pale mlangoni muda wote. Mapenzi hayo!

Alhamisi, 5 Juni
Mungu wangu! Programu ya kwanza imempa mzee mikono sita. Ya pili ina kitufe cha kufuta mizuka, ndivyo wanavyoita chochote kilichotikisika. Nimekibonyeza. Mikono yote imefutika. Ya tatu imebakiza miwili, ila kifua kinaonyesha ng'ambo kama cha mzuka: maua ya kitambaa cha kochi yanaonekana ndani ya tai. Mibuni, safi ajabu! Kompyuta nimeifunika shuka, naona kama mzee ananitazama. Sita, sifuri, au marehemu? Nimechagua ya tatu. Mikono miwili ni mikono miwili.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeipeleka, na fremu juu. Mzee aliitazama, akauliza ni nani amenituma kumtangazia kifo. Mama Erica akaanzisha wimbo wa msiba. Nilikimbia hadi barabara kuu. Njia nzima, kila lori likipiga honi nadhani ni wajomba zake Erica. Kufika Tunduma, Osward, ambaye jana alichungulia ile ya mikono sita kwenye kompyuta yangu, akaniuliza mbele za watu kama siku hizi natoza kwa mtu au kwa mkono. Mshenzi!

Jumamosi, 7 Juni
Erica amepiga simu. Nimepokea nikiwa chini ya meza. Anasema baba amepoa, nirudi kesho baada ya ibada. Ni nafasi ya mwisho. Nikiharibu tena ataitwa Osward, na Osward naye ana washenga wake. Halafu akanisihi nisimsalimu mzee mpaka nimalize kupiga. Nisimsalimu baba mkwe! Hapo kuna ujanja wa Osward, kamdanganya mtoto wa watu ili nionekane sina adabu. Sidanganyiki ng'o. Kosa lilikuwa la programu, na nimeshapata ya nne. Tena kesho sipigi picha tatu, napiga tano. Na kila picha na salamu yake.