Ramani Iliyoikubali Njia ya Kikoneni

Jumapili, 4 Mei

Binti yangu Nusra amekuja na gari jipya. Hoteli anakofanya kazi, kule Diani, imempa. Katikati ya dashibodi pana kioo kikubwa, na ndani ya kioo mna ramani. Ramani inasema. Inasema Kiingereza, kwa sauti ya mwanamke ambaye hajawahi kukosolewa. Barabara iliyo wazi huipaka kijani, inayokwenda kwa kusuasua huipaka manjano, na iliyofungana nyekundu. Habari zenyewe si za jana, ni za saa hii hii. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote ya kazi. Sikuombwa maoni.

Ndani ya gari alikuwamo mkwe wangu Abubakar. Nusra alimfuata kwao Vanga ili tukae hapa Msambweni tupange harusi. Niandike vizuri nisije nikachanganyikiwa uzeeni: Abubakar ni baba wa Asiya. Asiya ni mjane wa mwanangu Farhan, Mungu amrehemu. Binti yao, Nusaiba, anaolewa Jumamosi hii msikitini Vanga, baada ya swala ya Alasiri. Baba wa bibi harusi akiwa hayupo, walii ni babu mzaa baba. Ndiye mimi. Nitaushika mkono wa bwana harusi mbele ya watu na nitamwozesha mjukuu wangu. Walii akipenda, anaweza kumwakilisha mtu mwingine, yaani kumpa idhini aozeshe kwa niaba yake. Sipendi.

Abubakar, kabla hata ya kumaliza chai, akaniambia kwa upole wake wa kuudhi kwamba Vanga ni mbali, barabara ile imeshavunja viuno vya vijana, na kama nitaona uzito, mkono wake upo. Nilimjibu kwamba mkono wangu pia upo. Nikamwonyesha.

Nusaiba alipiga simu jioni. Aliniuliza kama ni mkono wangu kweli, si wa mtu mwingine. Alisema baba yake angekuwa hai asingeuliza. Nikamwahidi. Ahadi ile sikuitoa kwa urahisi, na sitaandika zaidi juu yake.

Jumatatu, 5 Mei

Mjadala wa njia. Nilieleza, kwa utaratibu, kwamba msafara wa harusi usipite barabara kuu. Barabara kuu ina malori ya mpakani na vizuizi vya polisi. Njia sahihi ni ile ya ndani: unaiacha lami baada ya Ramisi, unapanda Kikoneni, unazunguka polepole hadi Lunga Lunga, kisha unashuka Vanga. Hewa safi. Mandhari. Udongo wa kufundishia. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi huko.

Nusra akaandika Vanga kwenye kioo. Kioo kikachora barabara kuu, kijani tupu, tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikamwambia aiulize tena. Akaiuliza. Barabara kuu.

Nikamwambia aiulize kwa njia nyingine, kwamba inawezekana haikuelewa swali. Abubakar akasema, huku akitafuna mahamri, kwamba imeelewa, ila imekataa, na kwamba katika maisha yake ya utumishi wa serikali hajaona mtumishi mwenye msimamo kama yule. Wote wakacheka. Mke wangu Subira alicheka kuliko wote, na huyu nimemlisha.

Nusra amemrudisha Abubakar Vanga. Wamepita barabara kuu. Wamefika salama, kama walivyonipigia simu kunieleza, ingawa sikuwauliza.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimeijaribu ramani mwenyewe. Kazi ya mwalimu ni kupima.

Tulikwenda Ukunda kuchukua kanzu yangu kwa fundi. Karibu na njia panda ya Diani kioo kikaonyesha nyekundu, na yule mwanamke akashauri tuingie kulia, tupite nyuma. Nikamwambia Nusra asisikilize. Asubuhi hii pale pana foleni ya nini? Tukaenda moja kwa moja. Palikuwa na foleni. Lori la mawe lilikuwa limelala kifudifudi barabarani, na watu wamelizunguka kama wanaliombea dua.

Nilieleza kwamba lile lori ni bahati, si elimu. Mashine haikujua kuna lori. Nusra akakubali. Akasema haijui lori wala mawe, haijui kitu chochote ila mwendo. Magari yaliyo barabarani na simu za watu waliomo zinatuma habari ya mwendo wao. Zikienda mbio, barabara ni kijani. Zikitambaa kwa pamoja, ramani inadhani pana jam, inapaka nyekundu na kumtafutia mtu njia nyingine.

Nikakikodolea kioo macho. Nusra akaniuliza kama nina kiu.

Sikuwa na kiu. Nilikuwa nafikiri. Mbona basi hii si mashine, ni mwanafunzi! Inajua tu yale inayofundishwa. Na mwalimu ni nani hapa?

Kanzu haijawa tayari. Fundi ameapa Ijumaa.

Ijumaa, 9 Mei

Kanzu ni fupi. Nitatembea kwa kuinama kidogo.

Leo nimetangaza utaratibu wa msafara. Magari manne: la Nusra mbele, nikiwemo mimi, nyuma yake basi la wanawake, akiwemo Subira, kisha magari mawili ya vijana. Nimeeleza kwamba kuna mwendo wa walii. Mwendo wa walii ni wa heshima. Gari la walii haliendi mbio kama ambalansi, na gari jingine lolote halipiti mbele yake.

Subira akasema ameishi pwani hii tangu azaliwe na hajasikia mwendo wa walii. Nikamweleza kwamba mila nyingi zimesahauliwa. Akauliza hii imesahauliwa na nani, maana hakuna aliyewahi kuikumbuka. Dereva wa basi, kijana wa watu, mwenye adabu, alisema yeye amesikia na atafuata. Nimempenda.

Sababu yangu naiandika hapa tu. Kioo kinaahidi kutufikisha Vanga mapema mno, Alasiri ikiwa bado kabisa. Abubakar ameshapigiwa simu na Nusra na anajua saa iliyotajwa. Sisi tutakwenda polepole, tutafika baada ya saa ile lakini kabla ya swala. Mimi nitaozesha kwa raha zangu, na mashine itakuwa imesema uongo mbele ya familia nzima. Sitasema neno. Nitaitazama tu saa ya msikiti.

Mvua imenyesha usiku kucha tangu jana. Udongo unaihitaji.

Jumamosi, 10 Mei. Harusi. Naandika nyumbani kwa Mwinga, Kikoneni

Tuliondoka Msambweni kwa mwendo wa walii. Watoto waliokuwa wakienda dukani kwa miguu walitupita, wakarudi, wakatupita tena. Wanawake kwenye basi walikuwa na simu mikononi wote, wanarekodi nyimbo. Nyuma yetu malori yakapanga mstari. Kioo kikaanza kubadilika: manjano kidogo, manjano zaidi. Saa ya kufika ikawa inasogea mbele yenyewe. Nilifurahi kimoyomoyo. Nusra alinitazama. Nikamweleza habari za miamba ya chokaa.

Ramisi nikasimamisha gari tuswali Adhuhuri. Ndipo Subira alipoharibu. Akasema wanawake hawawezi kukaa juani na nywele zao zimeshatengenezwa, akaamuru basi litangulie. Dereva, kwa adabu yake ile, alitangulia, lakini kwa kuwa nilimkataza kuwa mbele ya walii, aliendesha kwa kutambaa ili nimfikie nimpite. Magari ya vijana nyuma yake, na malori yote nyuma ya vijana.

Tuliporudi garini, barabara kuu yote mbele yetu ilikuwa nyekundu kama damu. Na yule mwanamke, kwa sauti yake ile ile, akasema kuna njia bora zaidi.

Kioo kikaichora. Kikoneni.

Nilimwambia Nusra asimame kabisa nipate kuona vizuri. Ilikuwa yenyewe: unaiacha lami, unapanda, unazunguka. Njia yangu, mstari wa buluu kila pembe yake. Nikakaa kitako nikavuta pumzi. Siku sita inanikatalia, leo imekubali.

Nusra akasema, “Baba, hiyo nyekundu ni sisi. Ni basi la mama. Nimpigie tu aongeze mwendo.”

Nikamwambia mwanafunzi akipata jibu sahihi hanyimwi alama kwa sababu hukupendezwa na alivyolipata.

Akasema imenyesha, baba.

Nikamwambia kata kulia.

Mwanzo palipendeza. Nilimwonyesha mahali wanafunzi wangu walipowahi kupima mteremko. Kisha daraja dogo, ambalo mvua ilikuwa imeondoka nalo. Tukazunguka shamba la muhogo. Kisha tope. Gari likazama upande wangu, taratibu, kwa mwendo wa walii. Yule mwanamke akasema tuendelee mbele moja kwa moja. Nusra akamzima.

Akatokea Mwinga, mwenye shamba, na maksai wake wawili. Aliniamkia, nikaitikia, akauliza tunakwenda wapi. Nikasema Vanga. Akauliza kwa nini tumepita huku. Nikamweleza kwa kirefu. Alisikiliza yote hadi mwisho, kisha akasema yeye mwenyewe akienda Vanga hupita barabara kuu.

Maksai walivuta. Gari likatoka likaingia shimo la pili. Hapo ndipo simu ya Abubakar ilipoingia, inakatika. Nilipanda juu ya kichuguu ili nimsikie. Alisema basi limefika, vijana wamefika, Alasiri imeswaliwa, na kwamba sheikh ana nikaha nyingine Lunga Lunga na hawezi kungoja. Hakucheka. Ningependa angecheka.

Nikasema nakuja kwa miguu. Mwinga alitikisa kichwa. Nikasema waahirishe hadi kesho. Abubakar akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto amekaa chumbani amevaa, na anauliza babu yuko wapi. Uamuzi ni wangu.

Niliutazama mkono wangu. Ulikuwa na tope hadi kwenye kiwiko.

Sheikh akachukua simu. Alisema nikitaka kumwakilisha Abubakar, hawezi kuipokea idhini kwa sauti tu. Alitaka kuwa na yakini kwamba mzungumzaji ni mimi. Akasema amesikia kwamba mwalimu amepotea huko mashariki ya Kikoneni. Nikamwambia kwanza sikupotea, pili nipo magharibi ya Kikoneni, na tatu nilimfundisha dira mwenyewe na hata wakati ule aligeuza mashariki na magharibi.  Kisha nikamsikia akiwaambia watu kwamba ndiye, hakuna mwingine.

Basi nikasema. Nilisimama wima juu ya kichuguu, Mwinga na mkewe Kadzo wakinisikia, na maksai wawili, na binti yangu ambaye alikuwa amegeukia mihogo asinitazame. Nikasema kwamba mimi, walii wa Nusaiba binti Farhan, nimemwakilisha mkwe wangu Abubakar amwozeshe kwa niaba yangu. Sauti ilinikatika kwenye jina la Farhan. Mtandao wa huku ni mbovu.

Dakika chache baadaye nikasikia vigelegele simuni.

Jumapili, 11 Mei

Tumelala kwa Mwinga. Watu wema. Kadzo alitupikia mchicha, na mimi nikawaeleza mtiririko wa Mto Ramisi hadi wakasinzia.

Nusaiba amepiga simu asubuhi. Nilikuwa nimejiandalia maelezo, nikaanza na hali ya hewa. Akanikatisha. Alisema Abubakar aliiweka simu kwenye kipaza sauti cha msikiti, kwa hiyo Vanga nzima, pamoja na yeye chumbani, ilinisikia nikimsahihisha sheikh. Alisema alikuwa akilia, na hapo ndipo alipoanza kucheka, na aliozwa akiwa anacheka. Kisha akasema, “Sauti yako imefika, babu. Mkono wako bado naudai. Uniletee Jumamosi.”

Nikasema inshallah. 

Abubakar naye amesema tutakaribishwa kwa wali wa nazi na papa. Akaongeza kwamba safari hii tutoke Alhamisi.

Jumatatu, 12 Mei

Nyumbani. Gari limeoshwa. Nusra amesema wazi kwamba Jumamosi tutafuata ramani, na kwamba mimi nitakaa kiti cha nyuma, na kwamba hakuna mwendo wa walii kwa kuwa sasa hakuna walii, ameshaoza. Subira amemuunga mkono. Nimewasikiliza kwa subira, ambayo ni desturi yangu.

Wao hawaoni kilichotokea. Njia ya Kikoneni haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la daraja, na daraja si njia. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Ukiyaondoa hayo mawili unabaki na jambo moja tu lisilopingika: ramani ile, yenye habari za ulimwengu mzima saa hii hii, iliyatazama mambo yote ikanikubali mimi.

Asubuhi, Nusra akiwa anaoga, niliingia garini nikaiuliza tena. Imechora barabara kuu. Kijani tupu.

Si neno. Wanafunzi husahau. Mwinga nimeshampigia simu, atawaweka maksai tayari. Na yule dereva wa basi, kijana mwenye adabu, amekubali kutangulia mbele yetu Jumamosi, polepole, mpaka ikumbuke.