Malalamiko Kuhusu Ndama Aliyezaliwa Wakati wa Swala ya Ijumaa

Elerai, Arusha
Oktoba 2011

Kwa Meneja wa Tawi,
Benki Isiyotoza Riba,
Arusha.

Ndugu Meneja Abdulrahman,

YAH: KUPEWA NDAMA BURE BILA RIDHAA YANGU

Kwetu barua huanza na Bwana asifiwe, kwenu huanza na asalaam alaikum. Ili tusianze na ubishi, nakuuliza tu habari za kazi na za nyumbani. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni mstaafu wa kiwanda kilichobinafsishwa, Mlutheri mzaliwa wa Machame, naishi Elerai na mke wangu Kandida. Tangu uchumi ufunguliwe milango tumeletewa mengi: mitumba, simu za mkononi, maji ya kununua, na sasa benki isiyotaka riba. Nilikuja kwenu kwa miguu yangu, sikurogwa. Nikasema nataka ng'ombe wa maziwa mwenye mimba. Mkanieleza utaratibu wenu: benki hainipi fedha mkononi, inamnunua ng'ombe kwanza, na akishakuwa mali ya benki ndipo inaniuzia kwa faida iliyotajwa wazi, nami nalipa kidogo kidogo. Nikakubali. Kosa langu lilianzia hapo.

Ijumaa ile nilikwenda Nduruma na ofisa wenu Najim, kwa mfugaji aitwaye Lesikar. Najim akasaini karatasi ya kwanza, ng'ombe akawa wa benki. Karatasi ya pili, ya kuniuzia mimi, akasema tutasaini akitoka msikitini, maana wakati wa swala umefika. "Mzee wangu, nishikie kamba, narudi sasa hivi." Nikashika. Huku nyuma ng'ombe akalala chini akaanza kuzaa. Nilivua koti la suti, lile la harusi za watu, nikamvuta ndama kwa mikono yangu hii, Lesikar akinielekeza kwa Kimaasai na mimi nikimjibu kwa Kichaga. Najim aliporudi alikuta ng'ombe wawili. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi nilivyojaa damu hadi viwikoni, akasema: "Pole sana Mzee. Tungesaini kwanza, angekuja na mama yake. Sasa huyu kazaliwa kwetu." Tukasaini ya pili, nikarudi Elerai na wote wawili, ndama akiwa bado wa benki ila hawezi kuachishwa ziwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijana wenu ni mwaminifu kupita kiasi. Pale zizini tulikuwa watu watatu tu. Angeweza kunipa kalamu akanyamaza, kama wanavyofanya watu wenye malezi. Lesikar alikuwa tayari kuapa kwamba hajaona ndama yeyote, na ndama anamlamba goti.

2. Mwaka jana, Jumapili ya mavuno, nilisimama mbele ya usharika mzima na kipaza sauti mkononi, nikatangaza kwamba ndama wa kwanza wa ng'ombe nitakayemnunua ni limbuko la Bwana. Apigwe mnada pale nje ya kanisa, paa letu likamilike. Watu walipiga makofi, hata wale wasionisalimia. Jumapili ya mavuno ya mwaka huu ndiyo hii inayokuja. Ndama yupo, ni jike, mzuri hasa, ana baka jeupe usoni. Lakini si jasho langu. Nilimpeleka kwa Mwinjilisti Abdiel nikamweleza yote, akakuna kichwa, akasema: "Mzee Elirehema, limbuko ni la jasho lako. Huyu ni jasho la benki." Ndugu Meneja, naona aibu. Nimemwahidi Mungu mbele ya mashahidi, na watu wa kwaya wakiniona sasa wanauliza paa litakuja lini.

3. Mliwaandikia masheikh wenu Dar es Salaam kuuliza ndama ni wa nani. Wakajibu ni wa benki. Siku hiyo nilifurahi, nikajua sasa mtaniuzia kwa faida nono na mimi nitampata kihalali kwa jasho. Badala yake ukafunga safari mwenyewe mpaka kwangu, ukavua viatu mlangoni tukikusihi usivue, ukatamka kwamba benki imenipa ndama kama hiba, kwa kuwa ndimi niliyemzalisha mama yake. Mimi nilinyamaza kwa hasira, wewe ukadhani nimezidiwa na shukrani. Kesho yake nilipokuja ofisini kuomba mninyang'anye kisha mniuzie, mkaniambia hiba ikishatolewa hairudishwi, ni aibu. Aibu yenu mmeiona. Yangu je?

4. (Mke wangu amesoma hapa akasema nilifute. Nimelifuta.)

5. Mmeniharibia heshima kwa Mama Nice, anakouza mtori. Pale kila asubuhi wanaume wazima hukaa na kuzilaani benki zao. Jirani yangu Reginald, benki nyingine nisiyoitaja ilimchukulia makochi, mama mkwe wake akiwa amekalia moja. Akianza kusimulia watu wote wanaweka vijiko chini, na Mama Nice humwekea mfupa wenye nyama. Ikifika zamu yangu, nina nini cha kusema? Kwamba nilipougua malaria Najim alileta machungwa? Nilijaribu siku moja kuwasingizia, nikajikuta nawasifu. Kitumbua changu kimeingia mchanga, na mfupa sipati.

Kwa hiyo basi, kabla ya Jumapili, naomba mfanye mojawapo kati ya haya. Ama mje mumchukue ndama kwa nguvu, mchana kweupe, Reginald akiona, kisha mniuzie kwa bei ya kuumiza. Ama mnitoze riba kidogo, hata ya kujaribia, ili ndama ahesabike kuwa amenigharimu. Na kama dini inawakataza yote mawili, basi uje wewe mwenyewe kanisani Jumapili, ushike kamba ya ndama mbele ya madhabahu, uwaeleze Walutheri wenzangu kwa nini Elirehema amekuja mikono mitupu. Kofia yako unaweza kubaki nayo. Mimi peke yangu siwezi kusimama pale. Nimejaribu kujizoeza mbele ya ng'ombe na nimeshindwa.

Mkishindwa hata hilo nitahamia benki yenye riba, nidhulumiwe kama watu wengine.

Msalimie Bi Zakia na watoto. Msalimie Najim, ingawa ndiye chanzo. Wasalimie masheikh wa Dar es Salaam, na yule mlinzi wa getini anayeniamkia shikamoo kabla sijamfikia.

Ni mimi, mteja wenu niliyeonewa kwa wema,
Elirehema

Tanbihi: Msije kumchukua ndama. Kandida ameshampa jina, anaitwa Hiba, na tangu juzi ananifuata hadi mlango wa choo. Mwinjilisti Abdiel naye amepita leo jioni, akasema nadhiri ilitaja ndama wangu wa kwanza. Huyu si wangu kwa jasho, basi Bwana atamngoja atakayefuata, na Jumapili nisimame niseme hivyo hivyo. Nitasimama.

Kandida sasa anasema namba nne niirudishe, na maneno haya ni yake: Kina mama tisa wa kwaya yetu wanaomba benki iwanunulie ng'ombe kwa utaratibu uleule. Wanaomba wawe wenye mimba iliyokomaa, wanunuliwe siku ya Ijumaa, na wanamsihi sana mwanetu Najim asiharakishe swala kwa ajili yao.