Kulishusha Basi la Mzee Twalibu

Jumatatu, 8 Septemba
Kikao cha klabu kimeisha kwa matusi. Mwenye kiwanja cha Gihosha anataka kujenga. Basi letu liwe limeondoka kabla ya Jumapili, la sivyo anawaita wakata vyuma. Basi lenyewe halina injini, halina vioo, na kuku wanatagia kwenye viti. Lakini Klabu ya Magari ya Kale bila hilo basi ina nini? Ina Vespa ya Houda, tena haiwaki.

Mzee Twalibu alikuja kikaoni. Ndiye aliyeliendesha enzi zake, mpaka lilipozimika. Moyo wake ni mbovu, daktari amemkataza hata ngazi. Alisema anaomba kitu kimoja tu: alione basi limefika Nyakabiga salama, limefunikwa turubai, linasubiri mafundi siku klabu itakapojaliwa kulitengeneza. Baada ya hapo Mungu amchukue tu. Watu walilia. Mi pia nililia, huku nikifikiria uchaguzi wa Jumapili.

Maana atakayelileta basi ndiye atakuwa rais wa klabu. Hilo halina ubishi. Na mi Vainqueur nimechoka kuwa katibu.

Mara Tajudini, muuza pyesi za magari wa Buyenzi, akasimama na kusema atatafuta kamyo, lori la kulivuta. Makofi! Kamyo yenyewe hata haijaonekana, na tayari makofi!

Jumanne, 9 Septemba
Kamyo imeonekana. Ya shemeji yake. Na mazutu ndani! Mji mzima umepanga foleni ya mazutu, watu wanazeeka kwenye stesheni za mafuta, na huyu kayapata. Atakuja Jumamosi mchana, kazi za pamoja zikiisha.

Anouar, fundi wetu, anachomelea chuma cha kuunganisha basi na kamyo, kwa sababu basi halina breki. Nilimwuliza kama halina kabisa. Akasema pedali iko, kaka, lakini ukiikanyaga unakanyaga hewa.

Nina wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma.

Jumatano, 10 Septemba
Wazo! Wazo kubwa!

Jumamosi asubuhi kila mtu yuko barabarani na jembe lake kwa kazi za pamoja. Magari hayaruhusiwi kupita. Barabara tupu kutoka Gihosha mpaka daraja la kuingilia Nyakabiga, na yote ni mteremko. Watu bure, mteremko bure, mazutu ya nini? Tunasukuma kidogo pale juu, mlima unamalizia. Tajudini akija mchana na kamyo yake anakuta kuku tu. Nilicheka peke yangu pale studio yangu ya picha, na mteja niliyekuwa nampiga picha ya pasi akauliza kama nacheka uso wake. Ameondoka bila picha.

Nikaenda kwa mama Béatrice, shefu wa kartiye, mkubwa wa mtaa wote wa pale. Alisema apana, saa zile hakuna gari kutembea, hata la waziri. Nikamwambia basi lisilo na injini si gari, ni mzigo. Akafikiri. Akauliza kama mzigo ukiondoka watu wake wataweza kufagia mahali pale. Nikasema watafagia mpaka wachoke. Akasema hiyo sasa ni kazi ya usafi. Ruhusa nimepata!

Alhamisi, 11 Septemba
Anouar amekataa kushika usukani. Kasema mteremko ule unaua hata watu wa baiskeli, yeye ana watoto. Mwoga! Nimemwapisha asimwambie Tajudini. Kaapa, lakini kwa sura mbaya.

Basi nikaenda Nyakabiga kwa Mzee Twalibu. Nilimweleza kwamba usukani ule unahitaji mkono unaoujua. Uso wake! Alikaa wima kama kijana. Akauliza habari ya breki. Nikasema zipo kiasi.

Binti yake, Mwanasiti, akasema baba, daktari kakataza. Mzee akamjibu anyamaze, ameitwa kazini. Wakati naondoka Mwanasiti alinifuata mpaka mlangoni. Alisema, kaka Vainqueur, mi sina mutu mwingine isipokuwa baba. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikupenda alivyoniangalia.

Ijumaa, 12 Septemba
Mzee amenyoa ndevu. Amepiga pasi shati lake la udereva. Baada ya swala alimwomba kila mtu msikitini amwombee, lakini hakusema kwa nini, maana nilimwambia ni siri.

Nimechapa picha yangu kubwa ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Halafu nikakumbuka kioo hakipo.

Jumamosi, 13 Septemba
Niandike tu.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri. Matairi Tajudini alishayatia upepo, asante yake. Watu waliweka majembe chini wakaja, wakiimba. Mzee alipanda mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Akakaa. Akatengeneza kola ya shati. Akaniita dirishani akaniambia, mwanangu, Mungu akulipe. Nikampiga picha.

Tukasukuma. Likagoma. Tukasukuma tena. Likakubali. Tukashangilia, tukatembea nalo, tukakimbia nalo, halafu likatuacha.

Nilimsikia Mzee akipiga kelele watu watoke njiani. Walitoka. Lakini chini karibu na daraja kulikuwa na kina mama ndani ya mtaro, wanazoa mchanga, na hawakuwa na pa kukimbilia. Mzee akakata kona, akalielekeza korongoni, kwenye mto Ntahangwa. Alikata mwenyewe, kila mtu aliona. Alitoa mkono nje kwanza, kuonyesha anakata kushoto.

Kina mama wote wazima. Basi liko chini kwenye mawe. Mzee Twalibu tulimtoa amekwisha kufa.

Tajudini alifika mchana na kamyo yake. Mazutu yale yamewapeleka watu makaburini kabla ya magharibi. Mi sikupata nafasi kwenye kamyo, nilikwenda kwa miguu.

Jumapili, 14 Septemba
Polisi aliuliza nani alipanga. Nilimwambia nilisukuma kama wengine, na ruhusa ilitoka kwa shefu wa kartiye. Mama Béatrice alikuwa amesimama pale pale. Lo!

Uchaguzi umeahirishwa. Tajudini kasema kiti cha rais kikae wazi kwa heshima ya Mzee. Nikasema marehemu hawezi kuitisha kikao. Hakuna aliyepiga makofi. Houda aliniambia nitoke, na nilitoka.

Jioni Mwanasiti alikuja studio kuchukua ile picha. Aliishika muda mrefu. Akauliza kama nilijua breki hazipo. Nikasema nilijua zipo kiasi. Akalia. Nikalia na mi, na safari hii sikuwa nafikiria kitu kingine chochote. Nimeumia. Nimeumia sana.

Jumatatu, 15 Septemba
Hitima ya siku ya tatu. Nilikaa nje, karibu na viatu. Watu wengi ajabu, ua umejaa mpaka barabarani. Wanaume wenye nguvu, wamekula pilau, wanampenda marehemu, na hawana la kufanya mpaka alasiri. Nilijaribu kuacha kuwahesabu.

Nimeona kosa letu lilikuwa wapi. Tulisukuma. Ilibidi tuvute!

Siku ya arobaini watakuja wengi zaidi. Mvua itakuwa imeanza, udongo wa korongo umelainika, basi litateleza juu bila taabu. Kamba tu zinatakiwa. Tajudini atasema nini basi likiwa Nyakabiga chini ya turubai, kama Mzee alivyotaka?

Imebaki mutu wa kushika usukani wakati tunavuta. Nimemwendea Mwanasiti, nikamweleza kwa upole kwamba nafasi hiyo ni yake, kwa heshima ya baba. Ameniangalia, ameingia ndani, amefunga mlango na komeo.

Lakini hakusema apana.