Sanduku la Sauti na Ratili Zake

Jumatatu, 9 Julai 1956. Shinyanga.

Habari kubwa! Bendi yetu imeitwa Geita, kuwapigia dansi wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu Jumamosi hii. Mzee Akida, kiongozi wetu, alitutangazia leo kwenye baraza la duka anakoshonea nguo. Akaongeza jambo jingine. Mwezi ujao anarudi kwao Pangani, amechoka, na baada ya dansi la Geita atamtaja atakayeshika bendi. Hakutaja jina. Lakini aliniangalia mimi. Au aliangalia saa ya ukutani nyuma yangu. Sina hakika.

Tunaoweza kutajwa ni wawili tu. Bujiku mpiga ngoma hataki uongozi, anataka chakula. Nipo mimi, Kalisti, gitaa la kwanza, karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Na yupo Muhidini, gitaa la pili, ambaye gitaa lake hulitia kwenye mfuko wa unga na kulitupia begani. Mfuko wa unga! Mimi nina sanduku la sauti. Nililipata Machi kwa kubadilishana na baiskeli yangu, kwa mtu aliyekuwa akitangazia dawa ya minyoo minadani. Kabati zima la mninga, spika ndani, na betri mbili za lori kwenye kreti yake. Alinionya nisilifungue mgongoni hata siku moja, vumbi litaua taa za ndani zinazokuza sauti. Sijalifungua.

Tatizo dogo: uzito. Mzee Akida ameamuru kila mtu abebe chombo chake, kuanzia mlangoni kwake hadi Geita. Treni, kivuko, lori. Mchana nililipima kituoni pamoja na betri. Ratili mia moja arobaini na nane. Mkulima mmoja kwenye foleni aliuliza hii ni pamba gani yenye mlango.

Jumanne, 10 Julai.

Mpango! Asubuhi nilijifunga kitambaa vidole vya mkono wa kulia. Nikamwambia Bujiku, mwenye mabega kama ya fahali, kwamba mganga amenikataza kunyanyua kitu chochote kizito. Alinipa pole kwa moyo wote. Jioni kwenye mazoezi akaniuliza mbona leo hii hii ugonjwa umehamia mkono wa kushoto.

Nilitazama. Kweli ulikuwa umehamia. Klara, mke wangu, alikuwa amekifua kitambaa mchana, na mimi nilijifunga tena bila kufikiri.

Mzee Akida akasema kama vidole vinauma basi Muhidini apige gitaa la kwanza huko Geita. Nilipona papo hapo.

Jumatano, 11 Julai.

Siku ya ajabu. Siielewi.

Alfajiri alikuja Bujiku na kigunia cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, begani. Alisema anataka tu kulitazama sanduku. Nilimwacha nalo sebuleni nikaenda kunyoa ndevu. Aliondoka mikono mitupu. Michembe atakuwa amempa Klara.

Saa nne akaja Mzee Akida mwenyewe! Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaomba aachwe kidogo na sanduku. Alikuwa na pasi yake ya mkaa mkononi. Fundi nguo hata matembezini hatengani na pasi.

Adhuhuri Muhidini. Huyu ndiye aliyenichanganya kabisa. Alisema yeye na Bujiku wamekubaliana kunisaidia kubeba sanduku hadi Geita, na Mzee ameridhia. Nilimuuliza sababu. Akasema ni upendo.

Upendo gani? Nimefikiri mchana kutwa. Jibu ni moja: wamejua nani atatajwa.

Nimelipima tena. Ratili mia moja sitini na sita! Mizani ni ile ile, karani ni yule yule. Kilichobadilika ni kimoja tu: jana jioni betri zilitoka kwa fundi, zimejazwa umeme. Kwa hiyo umeme una uzito. Ratili kumi na nane. Sijawahi kusikia mtu akilisema hili. Huenda nimekuwa wa kwanza.

Alhamisi, 12 Julai.

Nimeumwaga umeme wote. Niliunga taa ya gari kwenye betri tangu saa moja asubuhi, ikawaka juani mpaka alasiri, ikafifia, ikafa. Nitajaza umeme mpya mgodini, wanao mwingi.

Klara aliuliza kwa nini ninawasha taa mchana. Nilimwambia ni elimu. Alikuwa anatokwa na jasho, amebeba kitu kizito kilichofungwa kwenye khanga, anaelekea sebuleni. Sikumuuliza. Mtu mwenye mawazo makubwa hawezi kuuliza kila khanga.

Nikalipima. Ratili mia moja themanini na tisa.

Nimekaa juu ya marobota ya pamba muda mrefu. Nimeutoa umeme, sanduku limezidi kuwa zito. Ina maana nilielewa kinyume! Umeme hauongezi uzito, unainua, kama hewa ndani ya mpira. Na mimi nimeitoa hewa.

Nilikimbia kwa fundi wa betri. Amekwenda Nyahanga kwenye arusi. Niliporudi kituoni, mkulima wa Jumatatu alikuwepo tena. Akaniambia kwa upole, "Ng'wanawane, mwanangu, nenda kapumzike."

Ijumaa, 13 Julai. Mwanza.

Tumefika kwa treni. Kesho asubuhi kivuko, kisha lori.

Sijagusa sanduku hata kidogo. Wamelibeba kama yai. Stesheni Bujiku alimfokea mpagazi aliyetaka kuligeuza kichwa chini. Muhidini alimwambia, "Taratibu, ndugu yangu, humo mna vitu vya watu." Maneno hayo yamenigusa. Ni kweli, muziki si wangu peke yangu.

Nimeanza kumhurumia. Nikitajwa nitamwachia awe msaidizi wangu.

Jumapili, 15 Julai. Geita.

Naandika polepole ili nielewe.

Jana tulifika saa sita na vumbi la lori puani. Nilikwenda mbio kwa Stanslaus, mtu wa stoo mgodini, kuomba umeme. Akasema kujaza betri mbili kama zile ni kazi ya mpaka kesho. Dansi lilikuwa saa kumi, maana wengi wanaingia shimoni zamu ya usiku. Nikasema moyoni, labda kuna umeme kidogo umebaki kwenye pembe.

Ukumbi ulijaa. Wachimbaji wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wake zao mbele. Nilitumbukiza kinasa sauti cha sanduku kwenye tundu la gitaa, nikawasha sanduku, nikapiga uzi mmoja. Kimya. Nikapiga sita. Kimya. Mtu mmoja nyuma akaniuliza kama naanza au nafuta vumbi.

Stanslaus akapanda jukwaani na bisibisi. Nilimkataza! Nilimweleza habari ya taa za ndani. Alikuwa ameshafungua mgongo.

Kwanza ilianguka pasi ya Mzee Akida. Kisha viatu vya Muhidini, suti yake, na birika la shaba la kahawa. Kisha kigunia cha michembe, ambacho kaka yake Bujiku, mchimbaji wa hapa, alikipokea pale pale jukwaani. Mwisho, kwenye khanga ya mke wangu, jiwe la kusagia.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Akaja mbele shemeji yangu Euphrasia, dada yake Klara, ambaye mumewe anachimba hapa.

"Shemeji, ahsante kwa jiwe langu," alisema. "Dada Klara aliniandikia kwamba utalileta. Halikukusumbua?"

"Hapana," nilisema. Nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili na sikujua pa kuliweka.

Nilitamani sakafu inimeze. Nilimtazama Mzee Akida, naye alikuwa anaitazama pasi yake. Akasema aliona hakuna haja ya watu wanne kubeba mizigo minne wakati sanduku ni jumba. Kumbe ndiyo upendo wenyewe.

Muhidini hakucheka. Alitoa gitaa lake kwenye mfuko wa unga, akaanza wimbo wetu wa kwanza taratibu, huku ananitazama, ananingoja. Nilikuwa na gitaa tupu. Nikaingia. Ukumbi ulinyamaza ili usikie. Sijawahi kuona watu wakinyamaza kwa ajili yangu. Walisogea hadi ukingoni mwa jukwaa. Kuna mahali katikati ya wimbo ambapo huwa napita haraka kwa sababu sanduku hupiga mluzi. Jana hapakuwa na mluzi, nikakaa hapo muda wote niliotaka, na mzee mmoja wa mgodini akafumba macho. Kisha Bujiku akaipiga ngoma, na watu wote wakacheza mpaka king'ora cha zamu kilipolia.

Baada ya dansi Mzee Akida alinishika bega. Akasema, "Kalisti mwanangu, tangu Machi nimekuwa nikikuona. Leo nimekusikia."

Macho yalinilenga machozi, sijui kwa nini.

Halafu akamtaja Muhidini.

Nilimpa Muhidini mkono. Alinishika kwa mikono yake miwili akasema gitaa la kwanza ni langu, hilo halina mjadala. Sikujua kama nifurahi au ninune. Nilifanya vyote viwili, kwa zamu.

Jumanne, 17 Julai. Shinyanga.

Nimerudi jana. Sanduku tumeliacha kwa Stanslaus. Muhidini, kwa amri yake ya kwanza, amesema kuanzia sasa tunasafiri na magitaa matupu. Wivu umeanza mapema.

Lakini nimetulia, nimefikiri, na sasa naelewa yote. Kwa nini ukumbi ulinyamaza? Kwa nini yule mzee alifumba macho? Gitaa ni lile lile, vidole ni vile vile, sanduku lilikuwa nyuma yangu. Sauti ilipita humo humo, bila umeme! Sasa kama sanduku lililokufa lina nguvu hizo, likiwa hai litafanya nini? Kilichokosekana ni umeme wa kutosha. Si wa betri. Wa injini.

Na injini ipo! Stanslaus anayo moja kuukuu, ilikuwa ya kusukuma maji shimoni. Leo nimemwandikia kwamba nakubali kubadilishana naye kwa cherehani ya Klara. Klara bado hajui. Atafurahi akisikia mlio.

Stanslaus alishanionya kuwa inanyanyuliwa na watu wanane, akaniuliza itafikaje Shinyanga. Swali la ajabu kutoka kwa mtu wa stoo. Ni injini. Itajiendesha.