Mtu wa Mvua na Watawa wa Kwenye Buti

Jumanne, 13 Mei. Uradome.

Jua! Saa nzima ya kwanza. Nimelishuhudia mwenyewe, asije mtu kunibishia.

Kisha tumefika penye majabali. Nimeegesha gari, nimeshuka, nimenyoosha kidole kumwonyesha Mama Chinami mwamba wenye msonobari mmoja utosini. Tone limeniangukia kwenye kidole hichohicho. Mama Chinami amefungua mwavuli bila kutazama juu. Alikuwa ameushika tayari. Mke wa miaka thelathini ya ndoa ni adui anayejua ratiba yako.

Niandike kinachobishaniwa. Chinami wetu anaolewa tarehe 31, bustanini, mbele ya bahari, bila paa. Siku hizi baba humshika bibi harusi mkono akamvusha bustani. Lakini katika familia hii mimi ni Mtu wa Mvua. Eti siku ya michezo ya shule ilinyesha kwa sababu nilikwenda. Siku ya kuhitimu ilinyesha kwa sababu nilikwenda. Mwaka mmoja nilikuwa na homa sikwenda, watoto wakapigwa na jua hadi wakazirai. Sadfa tupu!

Hukumu ya Mama Chinami: tukizunguka pwani hii siku tatu bila mvua, nitamvusha mtoto. Ikinyesha, nitangojea ndani pamoja na supu, na atakayemvusha ni Bwana Hirooka, bamkwe wake mtarajiwa, ambaye anajiita Mtu wa Jua na kwa majivuno hana hata mwavuli.

Ndiyo maana nimechagua Mei, mwezi mkavu. Huku kwetu hata mtoto huambiwa asahau chakula chake lakini asisahau mwavuli. Ila Mei, aa, Mei unatembea mikono mitupu.

Wala sikuitegemea Mei peke yake. Jana, Mama Chinami akiwa anaoga, nimeshona watawa wadogo wa kitambaa cheupe, wale wanasesere wa kuning'iniza dirishani. Kichwa juu, jua. Kichwa chini, mvua. Hata mtoto wa chekechea anajua. Watu hujaza vichwa kwa pamba. Mimi nimejaza gololi za chuma, kwa heshima. Nimewafunga kamba shingoni, nimewaning'iniza ndani ya buti la gari, nimefunga upesi. Gololi nimezitoa wapi, hilo halihusiani na hali ya hewa.

Mama Chinami ameuliza kwa nini mabegi yako mapajani mwake na si kwenye buti. Nimesema kitasa kimegoma. Amesema, "Aha." Siipendi hiyo "aha" yake.

Jumatano, 14 Mei. Amarube.

Mvua tangu chai ya asubuhi. Bwana Hirooka amepiga simu, kusalimia tu, eti huko hali ikoje? Nimesema kuna umande. Amesema yeye anaanika godoro.

Hila mpya, ya kisayansi. Nani kasema mvua ni yangu? Garini tuko wawili. Nimemwambia Mama Chinami tutengane: yeye apande treni pale Amarube, kwenye daraja lile linalopita angani juu ya mapaa ya kijiji, mimi nipite barabarani, tukutane stesheni ya Yoroi. Mvua itamfuata mwenyewe. Amekubali haraka mno. Amesema, "Twende, Baba Chinami. Na atakayeshindwa asinune."

Nimesimama kijijini, chini ya daraja, nikilowa. Treni imetokea. Juu yake, juu yake tu, wingu limepasuka na jua limeshuka kama taa ya jukwaani. Kuna mtu amenipungia mkono dirishani. Ni yeye. Alikuwa anakula chungwa.

Kisha kona za mlima. Mvua ya mbele, mvua ya ubavuni, waipa zikilia kama paka aliyefungiwa stoo. Kwenye handaki nimepumua kidogo. Kutoka tu, ilikuwa inaningoja.

Yoroi nimemkuta kwenye benchi, viatu kavua, anatazama ghuba. Nguo kavu. Nimeketi. Tone. Tone tone. Amesogea chini ya paa kunipa nafasi, akasema palikuwa pazuri sana hapa kabla sijafika.

Jioni, Kasumi, nimeaga naenda kutafuta miwani garini. Nimegonga buti mara mbili kwa adabu na kuwasihi watawa nikiwa nje. Wakileta jua, nitawamwagia sake, pombe nzuri ya mchele. Wasipoleta, desturi ni kukatwa kichwa. Wanajua.

Alhamisi, 15 Mei. Kasumi.

Maafa.

Mama Chinami amenunua samaki bapa waliokaushwa, kasha zima, zawadi ya wakwe. Harufu yake ina miguu. Amesema mzigo huu haupandi kiti kama abiria, uende kwenye buti. Nimesema kitasa. Amesema, "Lete funguo." Nimesema ngoja nilipe kwanza. Kugeuka, kanichomoa funguo mfukoni, keshafungua. Kitasa, msaliti yule, kimefunguka kwa adabu zote.

Wote walikuwa vichwa chini. Kama popo. Siku tatu wananing'inia vichwa chini na kuita mvua kwa bidii! Chuma kilikuwa kimewapindua, nadhani kabla hatujafika hata njia panda ya nyumbani. Bibi muuza samaki amechungulia, akauliza kwa upole kama sisi ni wakulima wa mpunga.

Mama Chinami amemshika mtawa mmoja. Amembonyeza kichwa. Amembonyeza tena. Uzi umekatika.

Kichochoro cha soko la Kasumi kinateremka hadi baharini. Gololi zimeshuka chirichiri, katikati ya ndoo za ngisi, na kila mwanamke aliyewahi kuwa na mume ameijua sauti ile. Bibi muuza samaki ameokota moja, kaisogeza jichoni, kasoma kilichochongwa, kwa sauti ya soko zima: "Pomboo Saba! Ee, si nyumba ya kamari hiyo, ya mashine za pachinko? We baba, gololi za kuchezea hazitolewi nje, ati!"

Na mimi niliapa Mwaka Mpya, mbele ya madhabahu ya marehemu mama mkwe, kwamba pachinko basi.

Mama Chinami hakufoka. Ingekuwa afadhali. Ameuliza tu, "Kumbe mazoezi ya mgongo ya kila Alhamisi ndiyo haya?" Nimesema mgongo umepata nafuu. Ndilo jibu lililokuja.

Ijumaa, 16 Mei. Nyumbani.

Nimerudisha gololi Pomboo Saba, nikainama hadi kiunoni, Mama Chinami nyuma yangu kama askari. Meneja amesema, "Karibu tena, Bwana Yonehara." Kwa jina! Watu wengine hawana busara.

Kisha simu ya Chinami. Nilishajiandaa kwa supu. Mama yake amemsimulia yote, popo na chirichiri, na mtoto amecheka hadi akapaliwa. Halafu ameomba kuongea na mimi. Amesema, "Baba, nani kakwambia nataka jua?" Amekwishaagiza mwavuli mwekundu wa karatasi kwa mafundi wa Yodoe, wa kututosha mimi na yeye. Wazee si husema mvua ikinyesha ndipo ardhi hukaza? Basi ndoa yake inyeshewe. Akasema kila siku kubwa ya maisha yake alisikia kwanza matone, akageuka, akaniona nimesimama nyuma ya wazazi wenzangu. Isiponyesha, atajuaje kwamba nimefika?

Nimesema simu ina mikwaruzo. Haikuwa na mikwaruzo.

Mama Chinami amefuta supu. Nitamvusha mimi. Ila pachinko basi. Nimeapa, safari hii kwa mikono miwili.

Alhamisi, 29 Mei. Nyumbani.

Jua. Juzi jua, jana jua, leo jua. Nimekwisha! Utabiri wa Jumamosi: kijua kilichochorwa kikitabasamu. Bwana Hirooka amepiga simu kunipongeza.

Nimening'iniza watawa wa pamba, vichwa chini. Upepo umewainua vichwa juu. Nimejaza kokoto, zimewatoboa. Mtawa anataka chuma, na chuma kinapatikana mahali pamoja. Nimeaga naenda kunyoosha mgongo. Gololi chache tu, kisha nitoke.

Lakini kuchukua gololi bila kucheza ni wizi. Nimecheza. Nimeshinda! Nimeshindwa. Nimeshinda tena! Nimetoka alasiri, mifuko mitupu, hata gololi moja sina. Na nje, mvua! Mvua ya kuporomosha mabati! Nimesimama barabarani nacheka peke yangu. Meneja amenitolea mwavuli. Nimeukataa.

Sasa nimeelewa. Mvua si yangu, wala si ya watawa. Siku ya michezo ya shule nilipitia wapi kwanza? Pomboo Saba. Siku ya kuhitimu? Pomboo Saba. Siku ile ya homa? Sikupita popote, na watoto wakazirai.

Harusi ni saa sita mchana. Pomboo Saba hufungua saa nne. Itabidi nipite kidogo Jumamosi, nikiwa nimeshavaa suti. Si kwa raha yangu. Ni kwa ajili ya mtoto.