Hotuba ya Kukabidhi Jiko la Kioo Likiwa Safi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mama Ilango, mke wangu mpendwa, uliyeshuka sasa hivi kwenye treni ya Coimbatore na begi ungali nalo mkononi, Mheshimiwa Mama Mkwe, mlezi wa nyumba hii na mkosoaji wake wa kudumu, Mheshimiwa Bi Sornam, jirani wa mlango wa pili, ambaye sikumbuki kumwalika, waheshimiwa kunguru wa dirishani, itifaki imezingatiwa. (Mama Mkwe: "Mwambieni asogee, watu tunywe chai.")

Napenda kuchukua fursa hii adhimu, mimi Vaidyalingam, karani mstaafu wa ofisi ya maji hapa Madurai, ambaye katika utumishi wangu wote sikuwahi kuchelewesha faili lisilostahili kucheleweshwa, kutoa taarifa ya utekelezaji wa Programu Jumuishi ya Utunzaji wa Jiko la Gesi la Kioo. Mtakumbuka kwamba Mgeni Rasmi, alipoondoka kwenda Coimbatore kumuuguza binti yetu aliyejifungua, alitamka mbele ya mashahidi kwamba nikiweza kuliendesha jiko hili peke yangu mpaka arudi, tutabaki nyumbani kwetu. Nikishindwa, nyumba inafungwa na tunahamia Bengaluru kwa kijana wetu Ilango, ghorofani huko, ambako hata kunguru hawana pa kutua. Mimi sitaki kwenda Bengaluru. Naomba hilo liingie kwenye kumbukumbu. (Mgeni Rasmi anaweka begi chini.)

Sasa tazameni kioo hiki. (Bi Sornam anasogea, anajiona humo, anaweka sawa maua ya kichwani.) Chini ya uongozi wangu makini, na kwa kuzingatia mikakati, michakato na mengineyo ya namna hiyo, imebainika kwamba kioo kikiwa cha moto hakimwagiwi maji baridi, kwani kitapasuka, kwamba chuma cha kusugulia masufuria hakitii mguu hapa, bali kitambaa laini na tone la sabuni ya vyombo, na siki kidogo pale manjano yalipong'ang'ania, kwamba vyuma vya kukalishia sufuria hunyanyuliwa, haviburutwi, na kwamba vichwa vya moto huloekwa, matundu yakazibuliwa kwa pini, vikakauka kabisa ndipo virudishwe, la sivyo moto utakohoa kama mimi asubuhi. Haya yote nayajua kwa moyo. Kijitabu kilichokuja na jiko nimekisoma kwa makini kuliko faili lolote nililowahi kutia saini, jambo ambalo, nakiri, si kipimo kikubwa.

Takwimu zinajieleza. Madoa ya mchuzi wa sambar, hakuna. Mikwaruzo, hakuna. Maziwa yaliyofurika, hakuna. Usafi umepanda hadi asilimia mia moja na nne, nami ndiye niliyepima. (Mgeni Rasmi: "Maziwa hayajafurika hata mara moja?") Hata mara moja, Mheshimiwa. (Mgeni Rasmi: "Baba Ilango, hapo yanafurika hata nikiyasimamia mimi.") Ni matunda ya usimamizi. (Mama Mkwe: "Matunda gani? Sikukuu ya Pongal tunayaacha yafurike makusudi, heri iingie. Nyumba isiyofurika maziwa haina mtu.")

Naomba tusiingize siasa. (Mgeni Rasmi anainama, anausukuma mtungi wa gesi kwa mguu. Mtungi hautikisiki.) Naomba pia wajumbe wasiguse miundombinu. (Mgeni Rasmi: "Umejaa. Umejaa vilevile kama nilivyouacha.")

Kwa muktadha huo, nafikia sehemu ya shukrani mapema kuliko ilivyopangwa. Namshukuru Bi Sornam kwa vitumbua vya mvuke vya idli vya kila asubuhi na wali wa kila jioni, vilivyopikwa kwenye jiko lake mwenyewe, ambalo naambiwa limechafuka sana. (Bi Sornam: "Sasa mnajua kwa nini nimekuja.") Nalishukuru jiko hili, ambalo halikuwahi kuwashwa. Mradi haupo, Mheshimiwa. Haukuwahi kuwepo. Asubuhi ya kwanza nilisimama hapa na kiberiti, nikakitazama kioo chako ulichokichagua mwenyewe dukani, nikaogopa. Na jikoni kulikuwa kumepoa bila wewe. Nikatoka. Nilikukumbuka sana, basi.

Kaulimbiu yetu: Kioo safi, moto mdogo! (Wajumbe wanatazamana.) Kioo safi! (Kunguru mmoja anaitikia.)

(Simu ya Mgeni Rasmi inalia, ni Ilango. Anaiacha ilie. Anamimina maziwa kwenye sufuria, anaikalisha jikoni, anampa mhutubiaji kiberiti. "Washa.")

Ninayo heshima kubwa kuzindua awamu ya kwanza. (Moto unawaka.) Umewaka, ndugu wajumbe. Maziwa yametulia. Maziwa yanapanda. Yanapanda kwa kasi kuliko makadirio. (Maziwa yanafurika, yanatambaa juu ya kioo. Mama Mkwe anapiga vigelegele. Mgeni Rasmi anazima moto, anapokea simu: "Ilango, hayo ya kuhama tutaongea siku nyingine. Baba yako yuko jikoni, ana kazi.")

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Tunasubiri kioo kipoe, kama taratibu zinavyoelekeza. (Baada ya muda Mgeni Rasmi anakigusa kwa kidole: "Kimepoa. Haya, mtaalamu, futa.")

Naam. Mama Ilango, hicho kitambaa kinakaa wapi?